Mstari wa Mwalimu Kassiani

Mtu asije kwangu akaniambia Nkwabi alikuwa mjinga. Nitamtimua na mwiko mkononi, awe mjomba, awe katekista. Mume wangu aliswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Shinyanga mpaka hapa Sibwesa, akijua yupi ana mimba na yupi anajitia ugonjwa, na mnadani hakuna mtu aliyewahi kumpunja. Mjinga hafanyi hayo.

Kilichomponza ni kusikiliza vizuri mno.

Miaka ile ya tisini Mwalimu Kassiani, mstaafu wa Makanyagio pale Mpanda mjini, alikuwa na gazeti lake dogo, Kengele ya Mpanda. Alilichapa mwenyewe kwa mashine ya kuzungusha na mkono, likawa linatoka kila mwezi linanuka wino. Ndani kulikuwa na ukurasa wake wa mambo ya pesa. Atakwambia namna ya kuuza mahindi usiibiwe kwenye mizani, atakwambia benki inakata nini na kwa nini. Tulimpenda kwa sababu alikuwa hanunuliki. Kuna tajiri mmoja wa mashine ya kusaga alimpelekea mbuzi ili amwandike vizuri, Mwalimu akamrudisha yule mbuzi mwenyewe, anamvuta kwa kamba barabarani mchana kweupe. Habari hiyo ilifika mpaka Mwese milimani. Na kitu asichokiona kwa macho yake hakukisifia.

Sisi huku wengi hatukusoma. Gazeti lilikuja na lori la mnada, na Aloyce, karani wa mnada, alipanda juu ya kreti la soda akatusomea ukurasa wa pesa kutoka juu mpaka chini. Sauti anayo huyo, usiseme! Nkwabi alisimama mbele kabisa, mikono juu ya fimbo, na tukifika nyumbani ananirudishia yote neno kwa neno, mpaka namwambia basi baba, ugali unapoa.

Mnada mmoja Aloyce alisoma habari ya kuweka akiba kabla ukame haujaingia. Ng'ombe akifa kafa na akiba yako, ndivyo Mwalimu alivyoandika. Halafu, hata mate hakumeza, akaendelea: Kampuni ya Zidisha imefungua ofisi Mpanda, uza mifugo, weka fedha zako, msimu ukiisha unachukua mara mbili, salama kabisa.

Jioni nikamuuliza Nkwabi, "Mara mbili? Pesa gani hiyo inazaa kuliko ng'ombe?"

"Mama Dorika, aliyesema ni Mwalimu," akanijibu. "Mwalimu aliyerudisha mbuzi."

Hapo ningesema nini? Hata mimi nilimwamini Mwalimu.

Akauza. Sio wote kwa mkupuo, lakini wakaisha, na yule mweusi niliyepewa na mama yangu akaondoka nao. Halafu, kwa sababu alikuwa na roho ya kupenda watu wake, akaenda kwa kaka yake Ndaki. Ndaki hakutaka. Nkwabi akamshawishi, akamrudishia maneno ya gazeti pale pale uani kama alivyoyasikia, mpaka kaka mtu akakubali. Wakaenda Mpanda pamoja, wakarudi wanacheka na sukari mkononi.

Msimu haujaisha, watu wa Zidisha wakapanda treni ya Tabora na ofisi ikabaki na kufuli. Mpaka leo hakuna anayejua walikoshukia.

Ndaki hakupiga kelele. Alisema neno moja tu mbele ya watu, kwamba mdogo wake kamwibia, kisha akafunga mdomo. Nkwabi alikuwa akipita mlangoni kwake kila asubuhi, anasimama, anamwamkia kaka yake. Kimya. Anangoja kidogo, anaondoka. Nilimwambia jamani acha, unajidhalilisha, pita njia nyingine. Hakuacha. Watu nao wakaanza kumwita Zidisha, hata watoto wa juzi. Iliniuma, sitadanganya. Mpaka sasa nikisikia mtoto anacheka nyuma yangu, moyo unapasuka.

Mwisho akaenda Mwese kulima vibarua, mtu wa ng'ombe kushika jembe la watu kwenye vilima vile. Akarudi na homa. Hata uji hakuutaka. Akanishika mkono, akasema, "Kabula, kamuulize Mwalimu. Nilisikia vibaya?"

Ndilo neno lake la mwisho lenye maana. Tulimzika zizini, kama mwenye mji anavyozikwa kwetu, lakini zizi lilikuwa tupu na majani yameanza kuota. Ngozi ya ng'ombe ya kumzungushia hatukuwa nayo. Tukatumia shuka. Ndaki alisimama kwa mbali, hakutupa hata kiganja cha udongo.

Arobaini ilipopita nikaenda Makanyagio. Nilikwenda na matusi yangu tayari, nimeyapanga toka nyumbani. Nikamkuta Mwalimu Kassiani barazani, kakonda, mashine imefunikwa gunia. Nikamwambia mimi ni mke wa nani na mume wangu kaniachia swali gani. Yale matusi yakanipotea.

Akaingia ndani, akatoka na lile gazeti. "Shangazi, tazama," akasema. "Maneno ya Zidisha si yangu. Ni tangazo la biashara yao, walilipia nafasi. Karatasi zilikuwa zimeniishia na wino pia, nikaona nipokee, gazeti lisife. Lakini nilijiwekea sharti kwamba kitu cha kulipiwa kisichanganyike na ushauri wangu. Ndiyo maana nikakizungushia mstari. Kila msomaji anajua chenye mstari si sauti ya mhariri. Siku zote kilikaa ukurasa wa nyuma, mwezi ule tu ndio nikakosa pa kukiweka, nikakitia chini ya makala yangu."

"Na hao Zidisha ulikwenda kuwaona kwa macho yako?"

"Sikwenda. Niliona si maneno yangu."

Nikalichukua gazeti. Kusoma sijui, ila mstari niliuona, mweusi, mnyoofu, umepigwa kwa rula. Nikaupitisha kidole pande zote, nikarudi nilipoanzia.

"Mwalimu," nikasema, "huu mstari Aloyce anausomaje?"

Yule mzee alikuwa akijua habari ya kreti la soda, alikuwa akijisifia kwamba gazeti lake linasikika mpaka Sibwesa. Akavua miwani na kuishika mapajani, machozi yakamtoka mtu mzima yule, na mimi nikashindwa kumhurumia. Ningemhurumia vipi?

"Hakusikia vibaya," akasema baadaye. "Sikia, mama. Nkwabi hakusikia vibaya hata kidogo."

"Usiniambie mimi," nikamwambia. "Mimi najua. Njoo useme mnadani, ulikomponzea jina."

Akaja. Hilo nampa, alikuja, juu ya magunia ya lori, mzee na kiuno chake. Aloyce akamsogezea kreti, akakataa kupanda, akasimama chini. Akatoa karatasi, akasoma kwa ile sauti yake ndogo mpaka watu wakasogea. Akasoma kwamba maneno ya Zidisha hayakuwa ushauri wa gazeti, kwamba yalilipiwa, kwamba mhariri hakuichunguza ile kampuni na aliyaweka mahali pasipofaa, na kwamba waliosikia na kuamini hawana kosa. Alipomaliza akakunja karatasi, akasema kwa mdomo wake, "Nkwabi alisikia sawasawa. Hakumwibia mtu. Kosa ni langu."

Mimi nililia, sikujificha. Nikasema moyoni, baba Dorika, jina lako hilo limerudi.

Ndaki alikuwa kasimama nyuma, karibu na wachuna ngozi. Akaja mbele polepole, watu wakampisha. Nilijua anakuja kumpiga Mwalimu na nikasema acha ampige. Hakumgusa. Akaiangalia ile karatasi, akaona ni ya gazeti, imeanza kuwa njano.

"Hii umeiandika jana?" akauliza.

"Hapana," akasema Mwalimu. "Niliichapa zamani, wiki ile ile walipokimbia. Iko ukurasa wa mwisho."

Ndaki akamgeukia Aloyce. Aloyce akainamisha kichwa. "Kaka, mie nilikuwa nasoma ukurasa wa pesa tu," akasema.

"Wiki ile ile," akasema Ndaki. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. "Shemeji, wiki ile alikuwa bado anakuja kuniamkia."

"Kila asubuhi," nikamwambia.