Mimi na Maua, Tunauzwa Bungoma

Mama Khisa hakunisalimia. Alinipigia simu nikiwa nakamua, akaniuliza moja kwa moja, "Mama Nakhumicha, ati mnauza ng'ombe yetu? Hata harusi haijafika?"

Nilidhani anatania. Maua, ng'ombe wa kwanza wa mahari ya msichana wangu, aliyetoka kwa huyu mkwe wangu, kijiji cha Kwanza, alikuwa hapo mbele yangu akinichapa na mkia. Nikamwambia hivi ninavyoongea ndiye ninayemkamua. Akasema binti yake ameona picha kwenye mtandao, mimi mwenyewe nimeshika kamba, meno yote nje. "Kama Maua ameuzwa, sisi hatuji kanisani," akasema, na simu ikakatika.

Wewe! Damu ilinichemka. Niliacha maziwa hapo hapo nikamvuta Nakhumicha mpaka saiba, duka la intaneti, hapa kwetu Kibomet, Kitale. Akabonyezabonyeza, na kweli, nikajiona: kitambaa changu cha manjano kichwani, Maua kando yangu, siku ile ya mahari. Nakhumicha ndiye alikuwa ameiweka Facebook, mwaka huo wa 2009 kila mtu akikimbilia huko. Sasa ilikuwa kwenye tangazo la mtu tusiyemjua. Ameandika: Ng'ombe wa maziwa, mpole, hana shida na watu. Bungoma. Halafu nambari ya simu.

"Mama, usitukane," Nakhumicha akanibembeleza, maana watu walikuwa wameanza kutugeukia. Yeye mwenyewe alikuwa analia. Gauni lake lilikuwa limeshashonwa, limening'inia kwa mlango wa chumba changu, na kila asubuhi nilikuwa nalipapasa kabla ya kwenda kukamua.

Utasema, si Mama Khisa aje tu amwone Maua? Hapana. Kwetu mama ya kijana hakanyagi boma la wakwe kuchungulia ng'ombe aliyemtoa. Ni aibu, ni kama kwenda kufunua sufuria za watu. Na Khisa, bwana harusi mwenyewe, alipomwambia mamake kwamba Maua yuko, aliambiwa anyamaze, mapenzi yamemfunika macho.

Ngoja, nikasema. Kama hawezi kuja kumwona Maua, ataenda kumwona huyo anayeuzwa. Nikapiga ile nambari kwa sauti tamu ya mnunuzi, halafu nikampigia Mama Khisa. "Jumanne tukutane Bungoma. Ujionee."

Alikuja na viatu vya kanisa na mdomo umefungwa. Mimi nilikuwa nimejifunga kile kitambaa cha manjano, makusudi kabisa.

Mwenye tangazo alikuwa mwalimu mstaafu, anaitwa Wakoli. Alifungua lango akitabasamu. "Karibuni, kina mama." Halafu akaniangalia vizuri, akaangalia kitambaa, na tabasamu likaisha.

"Ndiyo mimi," nikamwambia, mikono kiunoni. "Nimekuja kuona vile nauzwa."

"Woi, mama. Nisamehe."

"Ng'ombe iko wapi?" Mama Khisa akauliza. Hakuwa na haja na mambo mengine.

Mwalimu akatupeleka nyuma ya nyumba. Maua ni mweusi mwenye mabaka meupe. Huyu alikuwa mwekundu, pembe moja imevunjika, mbavu zote nje, lakini kiwele, haki ya Mungu, kimejaa. Mama Khisa alimzunguka polepole, akamshika pembe, akamshika kiwele. Mimi nilikuwa namwangalia yeye, si ng'ombe. Niliogopa sana, sitakudanganya.

"Na kwa nini hukuweka picha ya huyu wako?" nikamuuliza Wakoli.

Akajikuna kisogo. "Nilipiga, ikatoka vibaya. Mke wangu ndiye alikuwa anachunga ng'ombe. Tangu tumzike, mimi na hii ng'ombe tunaangaliana tu. Nikatafuta picha nyingine huko, nikaona vile unacheka. Nikasema, mtu akiona hii atajua ng'ombe imetoka kwa nyumba nzuri." Akashusha sauti. "Watu wamepiga simu, lakini wengi walikuwa wanauliza juu yako."

Mama Khisa ndiye aliangua kicheko kwanza. Alicheka mpaka akashikilia nguzo ya zizi. Ile hasira niliyoibeba kutoka Kitale, hata sijui niliiangusha wapi. Tulicheka sote, mwalimu naye akicheka kwa woga woga.

Alipopangusa machozi, Mama Khisa akanishika mkono. "Mkwe, si ng'ombe iliniuma. Ni hiyo kicheko yako. Nilidhani unafurahia kuondoa kitu yetu."

"Nilikuwa nafurahia kwa vile imetoka kwenu," nikamwambia.

Akaubana mkono wangu. Kisha akamgeukia Wakoli. "Mwalimu, hii nachukua. Tumebakisha ng'ombe moja ya mahari ya kupeleka Kibomet."

Wiki ya harusi ng'ombe mwekundu aliletwa kwangu, na mwalimu akamsindikiza mwenyewe, amevaa suti. Nakhumicha akatoka na kamera. "Mama, shika kamba." Nikaishika, meno yote nje, na hakuna aliyeniambia nicheke.

Wakoli alisogea akaitazama ile picha kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu. Ng'ombe wa mke wake alikuwa ametoka vizuri kweli kweli.

"Mama," akasema, "hii unaweza kunipa? Si ya kuuza. Ni ya kuweka kwa nyumba."

Safari hii aliomba. Nikamwambia achukue.