Chakula cha Kilio

Moto walikuwa wameuzima wenyewe, wanawake wa mtaa, kwa maji ya ndoo, asubuhi ileile habari ilipofika. Ndivyo wanavyofanya pale Bulengera, mjini Butembo: nyumba yenye kilio haipiki. Majirani ndio wanaopika, wanaleta, na wafiwa wanakula. Sasa hebu fikiri walivyoshtuka waliporudi na masufuria yao, wakamkuta Emérence, mama mzazi wa marehemu, amechuchumaa uani anapuliza makaa kwenye jiko la babula, macho yamejaa moshi, na sombe yake ya majani ya muhogo inachemka.

"Yoo! Mama Phinées!" Mama Agar, jirani wa ukuta kwa ukuta, nusura aangushe sufuria. "Unapika? Na kilio iko mu nyumba?"

"Kilio gani?" Emérence hakugeuka hata. "Mutoto wangu akirudia na njaa, atakula nini? Maharagi yenu?"

Wanawake wakatua masufuria chini. Haya, nani angemzimia moto tena mama wa namna hiyo? Hata wewe usingeweza.

Phinées alikuwa ameteremka Beni kuvuna kakao kwenye shamba aliloachiwa na baba yake. Kila mtu alimkataza asiende, kule watu wanachinjwa mashambani kila leo. Naye akacheka, akasema kakao haijivuni yenyewe. Ndipo Mbusa, binamu yake wa huko, akapiga simu. Wauaji waliingia shambani, akasema, na Phinées ni mmoja wa waliouawa. Waliwazika hukohuko Beni, wote pamoja, haraka, maana miili haikuweza kungoja. Butembo hakikuletwa kitu, si mwili, si hata shati.

Basi Emérence akang'ang'ania hapohapo. Shati liko wapi? Nani aliyemwona usoni? Na yule kijana wa mtaa wa chini, si walimlilia, wakala chakula cha kilio mpaka kikaisha, halafu siku moja akatokea barabarani, amekonda, anauliza mbona watu wamejaa kwao? Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililowafunga watu mdomo. Emérence alijiambia: nikila tonge moja tu la kilio, nimekwisha kumzika mwanangu kwa mkono wangu. Kwa hiyo hakula. Alipika sombe yenye mawese mengi, jinsi Phinées alivyoipenda, akampakulia, akaifunika sahani, akangoja. Ikipoa anawapa kuku, anapika tena.

Angekuwa peke yake, wangemwacha na ukaidi wake. Lakini kulikuwa na Bénite.

Bénite ni mke wa Phinées, binti wa watu wa Kirumba, na mimba yake ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Yeye aliamini. Alikuwa amemwuliza Mbusa kwenye simu maswali ya alama za mwilini ambazo mke tu anazijua, na akajibiwa. Sasa ona mtego ulivyomnasa, maskini. Katika ukoo ule chakula cha kilio lazima kionjwe kwanza na mkubwa wa wafiwa, na mukamwana hamtangulii mama mkwe hata iweje. Na ile sombe je, iliyopikwa juu ya moto wa nyumba yenye kilio? Kwa mjane huo ni mwiko, tena mjane mwenye mimba! Basi alikaa mkekani katikati ya vyakula viwili, vyote vinanukia, asiguse hata kimoja. Alikunywa maji tu.

"Kula sombe, mukamwana," Emérence akamwambia.

"Siwezi, Mama."

"Juu ya nini?"

Bénite akainamisha kichwa. "Juu bwana yangu amekufa, Mama."

Lo! Emérence aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Funga kinywa! Ni weye unamuua! Si bale ba kule pori, ni weye, hapa kwangu!"

Yalikuwa maneno mabaya, na alijua ni mabaya hata kabla hayajamtoka yote. Bénite alijifuta uso kwa kitenge.

Kesho yake akina mama walikuja tena na bugali, na Bénite akainuka kuwapokea, maana adabu ni adabu hata msibani. Alinyoosha mikono ashike bakuli, akapepesuka. Akashuka taratibu akishikilia ukuta, akakaa pale vumbini, midomo imekauka, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Mutoto hachezi tena sawa jana," akanong'ona.

Mama Agar ni mtu mpole, lakini hapo hasira zilimpanda. "Mama Phinées! Unangojea mwenye haujui atatokea wapi, lakini huyu mwenye iko hapa, unamulalisha njaa? Huyu haiko wa Phinées?"

Hakuna aliyewahi kumsemesha vile. Emérence alimtazama, kisha akamtazama Bénite. Alikuwa na mmoja wa kungoja na mmoja wa kulisha, na hakuweza tena kufanya yote mawili.

Akaiacha babula ikiwaka, akaja akaketi chini kando ya mukamwana wake. Wakammiminia maji, akanawa polepole, kama mtu asiyetaka yaishe. Akakata tonge la bugali la Mama Agar, dogo kabisa, akalichovya kwenye maharagwe, akalitia kinywani. Likakaa humo. Mwishowe akameza, na alipomeza sauti ikamtoka, ile ambayo watu walikuwa wakiingoja tangu siku ya simu, na wanawake wote wakalia pamoja naye.

Hakuwaacha walie sana. Alikata tonge la pili, kubwa, akampelekea Bénite mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimekula," akasema. "Basi Phinées amekufa. Na weye kula, mutoto wangu. Kula."