Kandili Kisimani

Mifereji ya Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa mikavu kwa siku ya kumi na moja, mwaka ule wa tisini na sita, Bi Mwanakheri alipotangaza kwamba kisima cha zamani kilicho uani kwake kitazibuliwa Jumapili. Malipo hakuna, alisema, ila chai na mahamri.

Jumapili watu wakajaa. Nicodemus wa reli alisema amechoka kukaa chumbani peke yake siku ya mapumziko. Ken, kijana wa bandarini mwenye misuli, alitaka kuonekana. Caroline alikuja kwa kuwa shangazi yake aliishi mtaa huo, akamvuta na Mbeyu, karani mwenzake wa Kilindini.

"Na wewe mwanangu, umeletwa na nini?" Bi Mwanakheri alimuuliza Mbeyu.

"Napenda tu kusaidia, bibi."

Hakusema kweli yote. Alikuwa amekumbuka watu wengi wakishika kazi moja, vumbi na vicheko, mambo ya kijijini kwao Ganze. Lakini Ganze hakuitaja. Ofisini kila aliposhangaa kitu Caroline humcheka, "Wewe mshamba!" na kwa miaka mitatu Mbeyu alidai kwao ni Kisauni, papo hapo mjini.

Mfuniko wa zege ukaondolewa. Ken akajifunga kamba kiunoni, mguu mmoja ukingoni.

"Asishuke!"

Mbeyu mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake. Wote wakamgeukia.

"Kisima kilichofungwa miaka mingi huwa na hewa mbaya. Teremsheni kandili kwanza."

"Nani amekwambia?" Ken alicheka.

"Teremsheni!"

Bi Mwanakheri akaleta kandili. Ikashuka taratibu kwa kamba, mwanga ukilamba mawe. Haijafika nusu, ukasinyaa, ukazimika kabisa. Ken akarudisha mguu, akaifungua kamba.

"Umeyajua wapi haya, Mbeyu?" Caroline aliuliza polepole.

Safari hii Mbeyu hakuitaja Kisauni.

"Ganze! Mimi ni Mgiriama wa Ganze, mshamba mtupu! Baba yangu Masha amechimba visima tisa, nami ndiye niliyekuwa nikimshushia taa. Haya, nataka matawi yenye majani mengi!"

Yakakatwa ya mwarobaini, yakafungwa furushi, wakawa wanalitumbukiza na kulivuta, kulitumbukiza na kulivuta, ili hewa ya chini ivurugike, ipande. Nicodemus alishika kamba akiimba wimbo wa kwao, wengine wakiitikia maneno wasiyoyajua. Kila baada ya muda Mbeyu alijaribu taa. Mara ya nne ilifika chini ikaendelea kuwaka, na shangwe ikapanda hadi kwenye roshani za majirani.

"Nani ashuke?" Bi Mwanakheri aliuliza.

Mbeyu alikuwa amekwisha kujifunga kibwebwe. "Mshamba mwenyewe!"

"Basi kamba naishika mimi," Caroline akasema. "Na Mbeyu... nisamehe."

"Shika kwa mikono miwili!"

Akashuka. Akajaza ndoo baada ya ndoo za tope, watu juu wakipokezana, mpaka alasiri, jembe lilipopenya mchanga na kitu baridi kikamfika vifundoni.

"Maji!" akapiga kelele. "Jamani, yapanda! Nivuteni, yapanda!"

Walimvuta wakicheka, wengine wakilia, naye tope tupu hadi kwenye nyusi, akidai mahamri yake.