Vilivyorudishwa Mlangoni kwa Katekista

Ijumaa ya pili ya Kwaresima, saa kumi jioni, Mama Alen alikuwa nyuma ya jiko akiosha mchicha wa kesho, kwa kuwa leo nyumba yake haikuwa na ruhusa ya kula. Ukungu ulikuwa umeshashuka hadi kwenye mikaratusi. Alipogeuka kumwaga maji akaona sahani imewekwa kizingitini, imefunikwa kwa kawa. Akaifunua. Ulikuwa wali na maharage, na paja la kuku pembeni, mvuke bado unapanda.

Aliitambua sahani kabla ya kuutambua wali. Ilikuwa ya bati, yenye maua ya bluu, na ilikwisha kutoboka ikatupwa zamani. Kisha akautambua na wali. Ulikuwa wa mwaka alipokuwa na mimba ya Alen. Aliupika mwenyewe, akapakua, akaketi, na mumewe akaisogeza sahani pembeni kwa upole. Kornelio alikuwa katekista wa kigango chao, huku juu, upande wa Rangwi.

"Najua Kanisa halimlazimishi mwenye mimba," alimwambia siku ile. "Lakini watu wanaitazama nyumba ya katekista. Tumtolee Mungu."

Ukatolewa. Sasa ulikuwa umerudi.

Jirani yake Hidaya alikuwa anapita na tenga la karoti kichwani. Akasimama.

"Wa leo huo?"

"Wa mwaka wa Alen."

Hidaya akashusha tenga, akainama, akanusa. "Umekaa vizuri. Kula basi, utapoa."

Mama Alen akala. Alipomaliza akasuuza sahani, akaiweka na zile nyingine.

Kuanzia hapo vitu vikawa vinakuja kila jioni, ukungu ukishafika kwenye mikaratusi. Ilikuja chai ya ule mwaka ambao sukari ilikatazwa, tamu mpaka ikanata midomoni. Ukaja mto wa pamba ambao Kornelio aliuondoa kitandani pamoja na wa kwake, ukiwa na kishimo cha kichwa cha Mama Alen palepale. Kikaja kitenge cha sare ya akina mama wa kigango, alichoambiwa asikishone kwa sababu cha zamani kilikuwa hakijachanika. Yakaja maziwa ya wakati ananyonyesha. Mwaka ule maziwa ya ng'ombe yalikatazwa Kwaresima nzima, mpaka na yake mwenyewe yakakauka, Alen akawa anapelekwa kwa Hidaya kunyonya ziwa moja na binti yake. Kibuyu kilipokuja kilikuwa bado na joto la ng'ombe. Alen, ambaye sasa kichwa chake kinagusa kizingiti cha juu, aliyanywa kwa mkupuo mmoja, akapangusa mdomo, akaenda kukata majani.

Kornelio hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpandishia mkewe sauti. Kwaresima yote alilala sakafuni bila mkeka, akatembea peku mpaka Rangwi na kurudi, visigino vikapasuka kwa baridi. Sweta lake alimpa mzee mmoja aliyekuwa anakohoa, na hakumwambia mtu. Alimpenda Mungu kweli, na alitaka Mungu aikute nyumba yake imefagiliwa. Jioni aliyomkuta mkewe na kikombe mkononi, alisimama mlangoni.

"Sukari imetoka wapi?"

"Imerudi."

Akavitazama vitu vilivyopangwa kando ya mafiga. "Na vyangu?"

"Havijaja, Baba Alen. Nimetafuta mpaka nyuma ya choo."

Kornelio akatoka, akazunguka nyumba yote mwenyewe. Usiku ule hakupata usingizi. Aliwaza kwamba labda huko juu njaa zake hazikuonekana, au zilionekana zikadharauliwa.

Jumapili padri alikuja kwa pikipiki yake, suruali imejaa matope mpaka magotini. Baada ya misa alikaribishwa nyumbani. Alikuta maharage yaliyokatazwa Kwaresima ya mwaka ule ambao Wema, mtoto wa pili, alikuwa anaota meno. Akaonja.

"Ya mama huyu?" aliuliza.

"Ya kwake, Baba," Kornelio akajibu. "Vyote ni vya kwake na vya watoto. Vyangu hakuna hata kimoja."

Padri akatafuna taratibu. "Vyako vimepokelewa. Ndiyo maana huvioni."

"Na vyake?"

"Vyake hakuvitoa yeye. Ulivitoa wewe. Vingepokelewaje?" Akaomba chumvi kidogo. Mama Alen akamletea.

Kornelio aliinamisha kichwa. Ilionekana kama kuna jambo anataka kulisema, lakini padri alikuwa anatazama saa. Kulikuwa na kigango kingine kinamngoja, na mawingu yalikuwa yanajaa upande wa bonde. Akasimama, akambariki kila mtu, akamshika Kornelio bega.

"Endelea na mfano wako mzuri," alisema, akapiga pikipiki teke, akaondoka.

Neno la padri Mama Alen hakulifikiria kwa sababu ya maharage. Alilifikiria kwa sababu ya Vuga.

Alizaliwa Vuga, katika nyumba ya Waislamu, akaitwa Mariamu. Alipobatizwa aliandikwa Maria. Hakuna aliyemshawishi. Alianza kwenda kwenye mafundisho kabla hajamwona Kornelio, akijificha nyuma ya wanafunzi wengine, kwa kuwa kuna kitu alikisikia huko kikamkaa moyoni, akashindwa kukitoa. Baba yake alimwambia maji hayo ya ubatizo asiyarudishe kwake. Kaka zake wakawa wanapishana naye sokoni Lushoto kana kwamba anayepita ni tenga lenye miguu. Hilo alililia kwa miaka. Mama yake peke yake, Bi Rukia, alikuwa akimtumia mapea kwa watu, bila salamu, mapea tu.

Kwa hiyo sasa kila jioni, vitu vikishafika, alibaki anatazama njia. Alidhani huenda naye kaka yake mmoja akarudishwa, akiwa na salamu mdomoni. Au uwanja wa baba yake, na yale mapea chini. Jioni zikapita. Ilikuja mpaka sabuni ya kunukia aliyokuwa ameisahau kabisa, ila Vuga haikuja.

Siku moja akiwa bombani, ndoo inajaa, alielewa. Vuga haiji kwa sababu aliitoa kwa mkono wake, na ilipokelewa. Miaka yote alikuwa hana hakika. Ndoo ikafurika, maji yakamlowesha miguu, na wenzake kwenye foleni wakamwambia afunge bomba. Akafunga, akajitwika, akapanda kilima bila kupumzika mahali anapopumzikaga siku zote.

Jumatano kabla ya Matawi hakukuja sahani. Kulipigwa hodi.

Kornelio ndiye aliyefungua. Nje alisimama Bi Rukia, mama mkwe wake, aliyefariki miaka kadhaa nyuma katika Juma Kuu. Alikuwa amejifunga kanga zake mbili, ncha zake zimelowa umande, kama mtu aliyetoka Vuga kwa miguu.

"Shikamoo, mama," alisema Kornelio.

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Karibu ndani, kuna baridi."

Akamvutia kiti karibu na moto. Mama Alen alikuwa anachambua maharage. Ungo ukabaki magotini.

Mwaka ule habari ya kifo ilipofika, Alhamisi Kuu, alikuwa tayari amejifunga kanga ya safari. Kornelio alimshika mkono. Wiki hii hatutoki, alimwambia, Bwana kwanza. Siku mama yake anazikwa, yeye alikuwa anapangusa mabenchi ya kanisani.

"Walinizika vizuri," alisema Bi Rukia, akinyoosha viganja motoni. "Watu walijaa. Ila kilio chako hakikufika, mwanangu. Nimeambiwa nikifuate."

"Nilitaka kuja, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimeletwa mimi."

Mama Alen akauweka ungo chini. Akalia. Alilia kwa sauti, kama inavyotakiwa, mpaka ikasikika kwa majirani. Hidaya akaja na mkeka kwapani, wanawake wengine wakafuata, wakaketi. Hidaya akasoma dua, aliyeweza kuitikia akaitikia, na marehemu mwenyewe akaitikia amina. Mmoja akabandika maji ya chai. Wema aliletwa kwa bibi yake, ambaye hakuwahi kumwona, akapakatwa na kunuswa kichwani.

Kornelio alikaa nje kwenye gogo. Hakuingia, na hakuna aliyemwita.

Chai ilipoisha Bi Rukia akasimama. "Sasa kilio kimekwisha," alisema. Akamfuta binti yake uso kwa ncha ya kanga, ile iliyolowa umande. Kornelio akachukua tochi, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi. Mama Alen alikwisha kulala, na kichwa chake kilikuwa kwenye mto. Alilala hivyo mpaka jua likawa juu ya migomba, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aolewe.

Jumapili ya Matawi padri alisimama mbele ya waumini akaishukuru nyumba ya katekista kwa kujinyima kwao, akasema familia zote ziige. Watu wakapiga makofi. Kornelio aliinuka. Alimtazama mkewe upande wa wanawake, akiwa na kitenge kile cha sare, kipya. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Mwaka huu pia," alisema, "Ijumaa Kuu moto hautawashwa nyumbani kwangu."

Makofi yakaongezeka. Mama Alen akatazama tawi lake, akalinyoosha majani.

Ijumaa Kuu moto haukuwashwa. Lakini alfajiri ile, kabla Kornelio hajaamka, Mama Alen alikuwa amekaa kitandani na kuamua mwenyewe kwamba leo hatakula. Hakumwambia mtu. Alifanya kazi zake, akaenda kwenye Njia ya Msalaba, akabusu msalaba pamoja na wengine, akarudi. Tumbo lilikuwa linamuuma, na akaliacha liume.

Ukungu ulipofika kwenye mikaratusi, sahani zilikuwa kizingitini, zimefunikwa, zinatoa mvuke. Kornelio alikuwa anatoka kwenda kufunga kanisa. Aliziona, akainua mguu asizikanyage, akapita.

Mama Alen akazifunua. Ilikuwepo ya Alen na ilikuwepo ya Wema. Akawaita, wakala. Halafu akatazama nyuma ya mlango, akatazama kando ya mafiga, akazunguka mpaka nyuma ya choo. Ya tatu haikuwepo mahali popote.

Akarudi, akaketi kizingitini na njaa yake, akatabasamu.