Picha za Kamanthe

Mutheu alianza kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa sababu ya Konza, mji wa teknolojia uliokuwa ukijengwa. Mjini Machakos watu walisema kazi zitajaa huko, na yeye alikuwa amechoka kusimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, akiuza misumari na rangi hadi jioni. Akanunua laptopu ya mtumba. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, aliketi mezani nyumbani kwake Mumbuni, akafuata somo la bure mtandaoni.

Kisha mama yake, Kamanthe, akapatwa na kiharusi akiwa shambani Masinga, akivuna ndengu. Aliletwa Mumbuni akiwa hawezi kusimama wala kusema. Mkono wa kushoto tu ndio uliobaki na nguvu.

Tangu hapo alfajiri ikawa ya kumgeuza mama, kumwosha, na kumlisha uji kwa kijiko. Somo lilibaki la dakika chache. Mara nyingine Mutheu alisinzia paji la uso likiwa juu ya laptopu. Hata hivyo aliketi. Akaomba kazi katika kampuni moja ndogo, wakamjibu kwa mistari miwili kwamba wamepata mwingine. Siku hiyo aliifunga laptopu, akaiweka juu ya kabati, na hapo ikakaa ikishika vumbi.

Mchana mama aliangaliwa na jirani, Zaituni. Jioni moja Mutheu alimkuta mlangoni amekata tamaa.

"Dada, leo nimeshindwa. Mama analia tangu saa nane. Maji amekataa, chai ameisukuma. Sijui anataka nini."

Miguu ya Mutheu ilikuwa inawaka moto. Zamani angempandishia mtu sauti. Lakini masomo yale yalikuwa yamemzoesha kitu: programu ikigoma, huifuti yote kwa hasira, unakagua mstari mmoja mmoja. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwaitu, mama yangu, ni mgongo?"

Mama akatikisa kichwa.

"Tumbo?"

Akatikisa tena.

"Ni mguu?"

Mama akafumba macho polepole, ndiyo yake. Mutheu akafunua blanketi. Kisigino kilikuwa kimechubuka kwenye chuma cha kitanda, na soksi imegandamana na damu.

Kesho yake alfajiri akaishusha laptopu.

Alitaka kitu kidogo tu: simu yake kuukuu ioneshe picha kubwa, na mama akigusa moja, simu imsemee kwa Kikamba. *Kiw'u*, maji. *Mbevo*, baridi. *Woo*, maumivu. Alirekodi maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe. Kazi ilimchukua majuma mengi, maana alfajiri nyingine haikumpa hata mstari mmoja uliofanya kazi.

Siku ya kuijaribu, Zaituni alikuja kutazama. Mama akagusa kikombe. "Kiw'u," simu ikasema. Akagusa blanketi. "Kiw'u." Akagusa uso unaolia. "Kiw'u."

"Wee Mutheu," Zaituni akasema, "unataka kutuzamisha?"

Sauti ngeni ikatoka kitandani. Kamanthe alikuwa anacheka, upande mmoja wa uso ukipanda, mwingine umelala. Hakuwa amecheka tangu Masinga. Mutheu akacheka naye, kisha akajikuta analia, akafuta macho kwa kanga, akaenda kuinjika chai.

Kosa alilipata asubuhi iliyofuata: picha zote alikuwa amezipa sauti moja. Akalirekebisha, akaongeza picha nyingine.

Kazi ya Konza haikuja. Kila siku alirudi kwenye kaunta ileile, misumari ileile. Ila Zaituni hakubahatisha tena.

Jumapili moja, baada ya kuanika mashuka, Mutheu aliketi kumlisha mama. Bakuli likaanza kuinama mikononi mwake, macho yakijifumba. Mama akanyoosha kidole, akagusa picha ya kitanda.

"Koma," simu ikasema. Lala.

Mutheu akashtuka, akainuka kumpangia mto. Mama akausukuma mkono wake, akagusa tena.

"Koma."

Kisha kidole kikamwelekea Mutheu.

"Mimi, Mwaitu?"

Mama akafumba macho polepole.

"Na vyombo je?"

"Koma."

Mutheu akaweka bakuli chini, akajilaza miguuni pa mama bila kuvua viatu. Nje jua lilikuwa bado halijatua.