Boga Lililoshinda Mizani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpishi mkuu wa hospitali aliwasha moto chini ya sufuria kubwa kuliko zote, akamimina maji ndoo tisa, akafunika. Hakuwa na kitu cha kutia humo. Mchele uliisha juzi mchana, maharage yaliisha juzi usiku, na gari la mzabuni halijaonekana tangu mkataba wake ulipokwisha. Mkataba mpya, waliambiwa, uko makao makuu unasubiri saini. Lakini moto aliuwasha tu, maana wagonjwa wa wodi namba tatu walikuwa na tabia ya kuchungulia dirishani kila asubuhi kutazama bomba la moshi la jikoni. Wakiona moshi, wanatulia.

Walimwita Bi Kiganja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepima kila kitu kwa kiganja cha mkono wake wa kushoto: chumvi, mchele, majani ya chai. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba chumvi imezidi. Waliolalamika kwamba imepungua aliwajibu kuwa wamekuja kutibiwa, hawakuja harusini, wala hakuongeza.

Sista wa wodi namba tatu aliingia bila kubisha hodi.

"Leo kuna nini, dada?"

"Maji ya moto."

"Usinitanie asubuhi hii."

"Funua uone."

Sista alifunua, mvuke ukampiga usoni, akafunika tena. Alikuwa na wagonjwa thelathini na wawili wa kifua. Wodi nyingine ndugu huleta chakula, lakini kifua watu wanakiogopa, na wengi wa wagonjwa wale walitoka mbali. Kila mmoja alitakiwa kumeza vidonge vinne vikubwa saa saba mchana. Jana walivimeza juu ya kikombe cha chai kavu, na kabla ya saa nane nusu ya wodi ilikuwa imevirudisha kwenye ndoo.

"Siwapi kama hawajala," sista alisema. "Watatapika tena. Na leo ikipita itakuwa siku ya pili mfululizo. Yule mzee wa kitanda cha mwisho amebakiza wiki mbili amalize dozi. Wiki mbili tu! Akikatiza, daktari atamwanzisha upya, miezi sita mingine. Mzee mwenyewe amebaki mifupa na kicheko."

"Na lile ombi letu la dharura?"

"Liko mezani kwa katibu wa hospitali. Wiki ya pili sasa."

"Mpaka saa saba, basi."

"Mpaka saa saba, dada."

Sista alipoondoka, Bi Kiganja alikaa kwenye kigoda, akashika tama. Stoo aliijua kama anavyojua kabati lake la nyumbani: chumvi, majani ya chai, vitunguu vinane vilivyoanza kuota, na sabuni. Aliinuka akaenda kwa dobi, si kwa sababu alitarajia chakula huko, bali wifi yake alikuwa anafua humo, na mtu akiwa na jambo linalomkaba ni afadhali atukanwe na wifi yake kuliko kukaa peke yake.

Wifi hakumtukana. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akikamua shuka, akafuta mikono.

"Njoo nikuonyeshe kitu. Lakini ukipiga kelele tumekosana."

Nyuma ya dobi palikuwa na chumba cha zamani cha mtambo wa kuchemshia maji, kimekufa miaka mingi, paa lake fupi la zege limefikia usawa wa bega. Maji ya kusuuzia mashuka yalipita hapo kwenye mfereji. Kando ya mfereji ulichomoza mmea mmoja wa boga, ukakwea bomba, ukatandaza majani mapana juu ya paa zima. Katikati palikuwa na kitu kimefunikwa shuka chakavu lenye muhuri wa hospitali. Bi Kiganja alidhani ni furushi la nguo.

Wifi akavuta shuka.

Tuseme ukweli: lilikuwa boga la kuogofya. Bi Kiganja alikuwa amepika maboga tangu hajafika kwenye bega la mama yake, na hakuwahi kuona kitu kama kile. Lilikuwa pana kuliko beseni la kuogeshea watoto, lina mikunjo kama ya goti la mtu mnene, kijani iliyoiva upande mmoja na rangi ya machungwa upande mwingine. Aliligusa. Lilikuwa la baridi, zito, limekaa pale kana kwamba chumba kilijengwa ili lipate pa kukalia. Wanawake wale wawili walisimama wakalitazama kwa muda ambao hawakuwa nao.

"Mungu wangu," Bi Kiganja alinong'ona. "Na haya yote yametoka kwenye uchafu wa mashuka?"

"Miezi minne nimelilea," wifi alisema. "Jua likiwa kali nalifunika. Nilitaka kulipeleka nyumbani, nilikuwa natafuta tu pa kupata mkokoteni." Akalipapasa. "Lichukue. Kabla sijabadilisha mawazo."

Waliwaita wanawake wengine wawili wa dobi, wakalishusha wote wanne, wakalipakia kwenye toroli la mashuka. Toroli likalia. Njia ya kwenda jikoni inapita mlango wa stoo, na mlangoni pa stoo alikuwa amesimama mtunza stoo, mtu ambaye hospitali nzima ilimwita Nakala Tatu kwa kuwa hajawahi kutoa hata kibiriti bila fomu yenye nakala tatu.

"Simameni. Hiyo ni nini?"

"Boga," wifi alijibu.

"Naona ni boga. Ni la nani?"

"Langu."

"Limeota ardhi ya nani? Limekunywa maji ya nani?" Aliliangalia shuka lililolifunika. "Na huo muhuri ni wa kwenu nyumbani? Hii ni mali ya hospitali. Mali ya hospitali inapokelewa stoo, inapimwa, inaandikwa, ndipo inatolewa. Leteni hapa."

Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kukatwa mshahara kwa magunia mawili yaliyopotea akiwa likizo, na tangu siku hiyo hakuamini macho yake, aliamini karatasi. Walipandisha boga kwenye mizani. Mshale uliruka mpaka kilo ishirini na tano, ambako mizani ile ilikuwa inaishia, ukatetemeka, ukakwama. Nakala Tatu akaamuru lishushwe. Likashushwa. Akaamuru lipandishwe tena, kana kwamba boga lingekuwa limepungua kwa aibu. Mshale ukakwama palepale.

"Haliwezi kupokelewa," alisema.

"Kwa nini?" Bi Kiganja aliuliza.

"Fomu inataka uzito. Uzito haupatikani."

"Basi likatwe, upime vipande."

"Huwezi kukata mali ambayo haijapokelewa."

"Basi lipokee."

"Bila uzito?"

"Kaka, usinizingue. Kuna watu thelathini na wawili hawajala. Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na robo. Lakini utaratibu ni utaratibu, Bi Kiganja. Mimi nitaandika nini hapa?"

Bi Kiganja aliingia jikoni, akatoka na kisu kirefu. Akapiga moyo konde, akakizamisha penye mkunjo mmoja, akakiegemea kwa uzito wa mwili wake wote.

"Andika lilianguka," alisema.

Boga lilipasuka kwa mlio mzito, likafunguka pande mbili.

Ndani mlikuwa na rangi ambayo jengo lile halikuwahi kuwa nayo, maana kuta zake zote zilikuwa za kijivu na mashuka yake yote ya kijani kibichi kilichopauka: njano nzito ya kiini cha yai, nene kama urefu wa kiganja kilichonyooshwa, na katikati mbegu mia kadhaa nyeupe zimelala kwenye nyuzi zenye maji. Harufu yake tamu ilijaa korido nzima. Nakala Tatu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa tena. Kisha aliweka fomu zake chini, akashika nusu moja kwa mikono yote miwili na kuibeba yeye mwenyewe mpaka jikoni, bila kuombwa.

Mafuta hayakuwepo, na Bi Kiganja hakuyaulizia. Alikata vipande vya ukubwa wa kiganja pamoja na maganda yake, akavipanga kwenye sufuria nyingine ganda likiwa chini, safu juu ya safu, akachota vikombe vichache tu kutoka kwenye yale maji ya alfajiri. "Maji linayo lenyewe," alisema. Juu akafunika kwa majani mapana ya boga yaliyokomaa, yaliyochumwa kule juu ya paa, kisha mfuniko, kisha akavuta kuni nje akaacha makaa. Zile nyuzi za ndani ambazo watu hutupa alizitia kwenye sufuria ndogo pamoja na kitunguu, zichemke taratibu ziwe supu ya wale wenye vidonda vya koo. Wanawake wa dobi walikaa juu ya ndoo wakamenya nyuzi za majani machanga. Wifi alikaanga mbegu bila mafuta mpaka zikaanza kurukaruka, akazitwanga na kuzitia kwenye majani.

"Chumvi?" wifi aliuliza.

Bi Kiganja alimimina kidogo kiganjani, akatazama, akarudisha nusu.

"Wewe mwanamke una roho ngumu."

"Mle ndani kuna wenye presha, wifi. Onja kwanza ndipo uninunie."

Wifi alionja, akasahau kununa.

Nakala Tatu alikuwa amerudi na mizani yake. Alipima kila kipande kabla hakijaingia kwenye sufuria, akapima nyuzi, akapima hata konzi za mbegu, na midomo yake ilikuwa inajumlisha. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliye msibani: "Kilo thelathini na nane na nusu. Kutoka kwenye mmea mmoja." Kisha akaandika, nakala tatu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote. Penye chanzo cha mali aliandika: mazao ya hospitali. Moyo wake ulikuwa umejaa, na hiyo ndiyo njia aliyoijua ya kulisifu boga lile. Nakala ya pili akaipeleka kwa katibu, kama kawaida.

Saa sita na nusu sahani ziliingia wodini. Kuna kelele ambayo wodi ya kifua huwa nayo wakati wote, na ile siku ilitulia kijiko kwa kijiko. Walikula mpaka maganda. Waliongezewa, kitu ambacho wengine hawakujua kwamba kinawezekana. Mzee wa kitanda cha mwisho alikishika kipande chake kwa vidole, akakiinua dirishani akakitazama kwa muda mrefu kabla ya kukiuma.

"Nani amelima hiki?" aliuliza.

"Dobi," sista alimjibu.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mtu wa kufua! Haki ya Mungu, mikono hiyo ibarikiwe."

Saa saba vidonge vilimezwa vyote. Saa nane sista alipita na ndoo kitanda kwa kitanda, na ndoo ikatoka kavu kama ilivyoingia. Alikwenda jikoni, akamkumbatia Bi Kiganja, akalia kidogo kwenye bega lake, kisha akarudi kazini.

Saa kumi alasiri katibu wa hospitali alifika jikoni mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea mwaka ule. Alikuwa anatabasamu. Mkononi alikuwa na barua.

"Bi Kiganja! Kilo thelathini na nane! Nimeona hati ya stoo nikadhani wamekosea. Hongereni sana. Nimewapigia makao makuu, wamefurahi mno. Wanasema ndio mfano wanaoutafuta." Alitoa kalamu. "Weka saini hapa chini, kuonyesha umepokea."

Bi Kiganja alisoma akiwa amesimama, akasoma tena. Barua ilisema kwamba, kwa kuwa jiko limedhihirisha uwezo wa kulisha wodi kwa mazao ya ndani, ombi la dharura la chakula limeondolewa, na fungu la chakula la miezi mitatu ijayo limehamishiwa kwenye ujenzi wa uzio wa mbele.

"Lilikuwa moja," alisema.

"Nini?"

"Boga. Lilikuwa moja, na limeliwa. Limechukua miezi minne kuwa vile."

Katibu alifikiri kidogo. Haikuwa kwamba hakuelewa. "Basi ongezeni bidii. Mmeshaonyesha mnaweza."

Bi Kiganja aliikunja barua. "Njoo uwaambie wodini."

Katibu alikwenda kwa furaha. Alipotokea mlangoni na suti yake, wagonjwa walidhani ndiye aliyeleta chakula kile, wakaanza kupiga makofi vitandani. Wengine walimwombea dua. Mmoja alijaribu kusimama. Katibu aliinua mkono, akashukuru, akasema serikali inawajali, na kwa dakika moja nadhani aliamini kweli kwamba ni yeye.

"Mheshimiwa," mzee wa kitanda cha mwisho aliita. "Na kesho tutakula nini?"

Katibu alikohoa. "Hayo mpishi mkuu atawaeleza."

"Nitawaeleza," Bi Kiganja alisema, akaikunjua barua.

"Hiyo ni barua ya ofisi, mama."

"Ndiyo maana naisoma kama ilivyo."

Aliisoma kuanzia namba ya kumbukumbu. Alisoma tarehe, alisoma kichwa cha habari, alisoma kila mstari kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza zamu za sahani, mpaka cheo cha aliyetia saini na maneno yaliyo ndani ya muhuri. Mikono iliyokuwa ikipiga makofi ilikuwa imelala juu ya mashuka.

"Mwanangu," mzee alisema, "sikusikia vizuri. Rudia hapo penye uzio."

Bi Kiganja akarudia, taratibu zaidi, huku katibu amesimama mlangoni na kalamu yake mkononi.