Meno ya Hakimu

Hakimu ni mbwa wetu. Jina alipewa na mume wangu, Sylvesta, kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa akikaa chini na kukukodolea macho kama anayesubiri ushahidi. Hapa kijijini kwetu Busunzu wengi hufuga mbwa wa kulinda mahindi yasiliwe na nyani. Wetu ana kazi kubwa kuliko hiyo. Macho ya Sylvesta yameingia ukungu, na mizinga yake ya nyuki iko ndani kabisa ya pori. Hakimu hutangulia na Sylvesta hushika kamba akamfuata. Wakifika, mbwa hunusa kama kuna nyegere, yule mnyama mwizi wa asali, na akimkuta humtimua. Bila Hakimu, mume wangu angebaki nyumbani akisikiliza redio na kunigombeza mimi.

Sasa sikia upuuzi wenyewe. Katika ukoo wa Sylvesta kuna sheria ya kurina asali: sega la kwanza ni la mbwa. Si la mwenye mzinga, wala si la mkewe aliyebeba ndoo kichwani. Baba yake alifanya hivyo na babu yake pia, wakisema anayepambana na nyegere ndiye anayestahili kuanza. Nilipinga tangu nilipoolewa. Nikaambiwa sisi watu wa Kasulu hatujui mambo ya nyuki. Basi nikanyamaza, na anayenijua anajua kunyamaza kunavyonigharimu.

Sylvesta naye hakuishia siku za kurina. Maadamu kulikuwa na asali ndani, kila jioni Hakimu alipata kipande cha sega. Alikitafuna taratibu, amefumba macho, mpaka nta ikamganda kwenye magego.

Kinywa kilianza kunuka. Nilimfukuza jikoni, Sylvesta akasema hakuna mbwa anayenukia. Baadaye Hakimu akawa anatafuna kwa upande mmoja, kisha akaacha ugali kabisa, akawa analamba uji tu. Asubuhi moja tukamkuta udenda unamchuruzika, anajikwaruza uso kwa mguu wa mbele. Nilipomsogelea, alinguruma. Hakuwahi kuningurumia, hata siku ile nilipomchapa na mwiko kwa kuiba nyama.

Jirani yetu Dionis alimwona kutoka shambani kwake. Hakuuliza. Alikuja na rungu.

"Mzee, huyo ana kichaa," alimwambia Sylvesta. "Tummalize sasa hivi, kabla hajauma mtoto wa mtu."

Nilitaka kumjia juu, lakini nilishindwa. Binamu yake Dionis alikufa kwa kichaa cha mbwa kule Mabamba, na Dionis ndiye aliyemshika mpaka mwisho. Hakuwa mkorofi. Alikuwa anaogopa, na mimi pia niliogopa.

Sylvesta alisimama kati ya rungu na mbwa, mikono imelegea. "Mwanangu, nipe muda nimwite bibi mifugo," alisema. Tangu tuoane nilikuwa sijawahi kumsikia akimbembeleza mtu.

Bibi mifugo ni Asnath, afisa mifugo aliyeletwa kwetu kutoka Upareni. Alifika kwa pikipiki siku hiyohiyo. Sylvesta alitaka kumfungua mbwa kinywa ili amwonyeshe, na Asnath akamkemea kama mtoto.

"Shikamoo mzee, lakini toa mkono! Mbwa anayetokwa udenda haguswi kinywani mpaka tujue ana nini."

Alimtazama kwa mbali. Akasukuma bakuli la maji kwa fimbo, Hakimu akanywa, kwa maumivu, lakini akanywa. Asnath akatuonyesha uvimbe chini ya jicho la kushoto. Akakumbuka kwamba mwaka jana alimpa chanjo ya kichaa yeye mwenyewe pale uwanja wa shule, na kwamba Hakimu alijaribu kumla kofia.

"Nahisi ni jino," alisema. "Ila kwa kichaa hatubahatishi. Afungwe kwa mnyororo, asiguswe na mtu, maji na uji msukumieni kwa fimbo. Akiwa na kichaa, hali itabadilika haraka na hatamaliza siku kumi. Na wewe kaka, rungu hilo liweke nyumbani."

"Nitaliweka," Dionis alijibu, "lakini mnyororo nitaufunga mimi."

Aliufunga mwenyewe kwenye mti, mara mbili. Siku zile Sylvesta hakwenda porini. Alikaa mbali kidogo na mbwa, akimsemesha Kiha, na kila akisikia mnyororo ukigonga alishtuka na kuniuliza kama Hakimu bado amesimama. Nilimjibu vizuri. Hasira zangu zote zilikuwa zimeniishia.

Siku kumi zikapita, Hakimu hakufa wala hakuchachamaa. Alikonda tu. Asnath alirudi, akamchoma sindano ya usingizi, akavaa glavu na kumfunua mdomo. Nilichungulia nikatamani nisingechungulia. Fizi zilikuwa nyekundu na zinatoka damu. Ukoga ulikuwa umegandamana juu ya magego, rangi ya kahawia, mgumu kama jiwe. Gego moja kubwa la juu lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, na usaha ulikuwa umejaa chini yake.

"Huyu anakula nini?" Asnath aliuliza.

Nilifungua mdomo. Nikamtazama Sylvesta, nikaufunga.

"Asali," alisema mume wangu. "Ninampa mimi."

Asnath hakumcheka. Aling'oa gego lile kwa kazi ya kutokwa jasho, akakwangua ukoga kwenye mengine, akatupa maelekezo. Asali na miwa, marufuku. Kwato na mifupa mikavu pia, maana humvunja meno. Kila siku asuguliwe kwa mswaki laini wa mtoto na maji safi, hasa pale jino linapokutana na fizi, kabla ukoga haujawa mgumu. Dawa ya meno ya watu asipewe, kwa kuwa mbwa hajui kutema. Harufu ikirudi, aitwe mapema.

"Na asipokatazwa asali?" Sylvesta aliuliza.

"Magego mengine mawili yameshaanza kuoza. Usaha ukirudi unaweza kuingia kwenye damu. Hapo mzee utampoteza, na si kwa rungu."

Kazi ya mswaki ikawa yangu, kwani Sylvesta haoni fizi. Dionis alipita akatukuta, mimi nimeinua mdomo wa mbwa, mume wangu amemkumbatia shingo. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimwambia aje na yeye, foleni ni fupi.

Msimu ulipofika tulikwenda porini sote watatu. Hakimu alitangulia, amenona, anatikisa mkia. Sylvesta alifukiza moshi, akafungua mzinga, akavunja sega la kwanza na kunipa. Kisha akatugeuzia mgongo na kujifanya anatafuta kisu.

Hakimu alikuja akakaa mbele yangu. Hakubweka. Alikaa wima kama alivyofundishwa, akalitazama sega, akanitazama mimi, akasubiri haki yake. Alisubiri sana. Akainua mguu mmoja na kuuweka gotini kwangu, polepole, kama mtu anayedhani amesahauliwa.

Mimi niliyeipinga sheria ile tangu nilipoolewa nilijikuta nimemega kipande na mkono umeshateremka mpaka puani kwake.

"Mama Reverien," Sylvesta alisema bila kugeuka. "Usimpe. Nakuomba."

Nilikitia kinywani mwangu. Nilitafuna huku machozi yananitoka, na Hakimu akinitazama mdomo mpaka nikameza.